Umeme Ulifika, Redio Ikatoa Moshi: Historia ya Kapasita Moja na Ufundi Wetu

Historia ya redio katika nchi yetu imezoeleka kusimuliwa kutoka upande wa studio. Tunaambiwa ni nani walisoma taarifa za habari, ni serikali ipi ilianzisha shirika na ipi ililivunja, na hotuba gani ilitangazwa siku gani. Upande wa pili wa historia hiyo, yaani ule wa sebule ya msikilizaji na meza ya fundi, haujaandikwa vya kutosha. Hata hivyo, sauti inayotoka studio haina maana mpaka imfikie mtu. Katika Usukuma wa miaka ya 1950 na 1960 ilimfikia kupitia kisanduku ambacho mwenyewe alipaswa kukinunulia betri, kukikinga na vumbi, na siku kikinyamaza, kukibeba hadi kwa fundi.

Makala haya yanaingia ndani ya kisanduku hicho na kukitazama kifaa kimoja kidogo kiitwacho kapasita. Nimekichagua kwa sababu kinafundisha jambo ambalo watunga sera wetu, na sisi wasomi pamoja nao, tumekuwa wazito kulielewa: kukiweka kitu si kukihifadhi. Kitu kilichowekwa bila kutumiwa wala kukaguliwa huendelea kuharibika kimyakimya, na siku kinapoitwa kazini ghafla, ndipo hasara yake hujulikana.

Tuanze na mtambo wenyewe. Redio za kale zilifanya kazi kwa vali, vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambavyo ndani yake chuma chembamba hupashwa moto hadi kikaachia elektroni. Vali ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza kiungo cha tatu, gridi, na hicho ndicho kilichoiwezesha vali kukuza sauti dhaifu. Lakini vali hudai umeme wa nguvu. Redio iliyotumia umeme wa ukutani iliendesha vali zake kwa takribani volti 250. Ile ya betri ilihitaji betri kubwa ya volti 90, na nyingine ndogo ya kupasha moto vali.

Kapasita ni mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Katika redio ya vali ilikuwa na kazi mbili zinazotuhusu hapa. Kapasita kubwa za elektroliti zilitumika kama tangi la maji: zilipokea umeme uliokuja kwa mapigo na kuutoa ukiwa umetulia, ili spika isivume. Kapasita ndogo, ambazo zamani zilitengenezwa kwa karatasi iliyolowekwa nta, zilisimama kati ya vali moja na nyingine kama bawabu. Ziliruhusu sauti ipite, zikauzuia ule umeme mkubwa usioyumba usivuke kwenda kusikotakiwa. Tuikumbuke kazi hiyo ya bawabu, maana tutairudia.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika Julai 1951, kwa mtambo mdogo uliotosha mji na viunga vyake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na kwa masafa mafupi matangazo yakapata kufika bara. Kwa mtu wa Shinyanga kikwazo kilichobaki kilikuwa bei na umeme. Kikwazo hicho kilikwisha kufikiriwa kwingine: mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ofisa wa habari Harry Franklin aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa ajili ya wasikilizaji wa Kiafrika. Ganda lake lilikuwa la aluminiamu, mviringo kama sufuria, na watu wakaiita hivyo. Iliuzwa kwa pauni 5, na betri yake, iliyodumu takribani saa 300, ililipiwa kando. Msikilizaji alitakiwa kununua kifaa mara moja, lakini kunyamaza kwake kulikuwa kunauzwa na kununuliwa kila baada ya miezi michache.

Usukumani fedha ya kununua redio ilitoka katika pamba. Wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani za wafanyabiashara walijenga vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo jina la Paul Bomani haliwezi kutenganishwa nalo. Msimu wa mauzo ulipofika, baiskeli, cherehani, bati na redio vilikuwa dalili za kaya iliyovuna vizuri.

Chanzo cha pili cha fedha kilikuwa mgodi. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na kando ya shimo hilo ukajengwa mji mzima wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, karakana na umeme wake. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukanunuliwa na kampuni ya De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika. Upande wa pili wa ukanda huu, mgodi wa dhahabu wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katika sehemu hizo chache palikuwa na umeme wa ukutani, na kwa hiyo palikuwa na redio kubwa za mezani, zenye ganda la mbao na kitambaa mbele ya spika. Nje ya uzio wa mgodi kulikuwa na giza na redio za betri. Mstari huo kati ya umeme na giza ni sehemu ya historia ya uchumi wetu, na tutaona jinsi ulivyoacha alama hata ndani ya kapasita.

Redio haikuwa burudani tu. Kati ya mwaka 1954 na 1958 serikali ya kikoloni haikuruhusu TANU kufanya kazi zake katika Usukuma. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga halmashauri ya wilaya ya rangi mchanganyiko waliyowekewa bila ridhaa yao. Katika mazingira hayo redio ya Dar es Salaam ilisema yaliyoifaa serikali. Lakini mwenye redio ya masafa mafupi alikuwa na kitufe cha kuzungusha. Kairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na BBC ikaanza idhaa yake ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Fundi aliyeifufua redio iliyonyamaza alikuwa anamrudishia jirani yake uwezo wa kulinganisha maneno ya mtawala na maneno ya wengine. Hakuna aliyemwita mwanasiasa, lakini kazi yake ilikuwa na uzito wa kisiasa.

Baada ya uhuru uzito huo uliongezeka. Mwaka 1965 shirika lilivunjwa na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali moja kwa moja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vitabu, iliwafikia watu wazima takribani milioni 2. Vyoo vilichimbwa na vichaka vikafyekwa kuzunguka nyumba. Tarehe 2 Novemba 1978 taifa lilimsikia Mwalimu Nyerere akitangaza vita dhidi ya Idi Amin. Wakati huo redio nyingi za vijijini zilikwisha kuwa za tranzista, kifaa kilichobuniwa Marekani mwaka 1947, chenye kuridhika na betri ndogo chache. Redio za Philips ziliunganishwa Arusha, na kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri za National. Redio za vali zikasogezwa pembeni. Hazikutupwa, ziliwekwa.

Hapo ndipo Didia inapoingia. Didia ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, kando ya barabara itokayo Shinyanga mjini kuelekea Tinde. Nilipita huko nikikusanya masimulizi ya wazee juu ya redio, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi Mwadui ujanani. Miaka ya 1960 alinunua redio ya mezani ya kutumia umeme, na alipostaafu akaja nayo nyumbani. Kitongoji chao hakikuwa na umeme. Redio ikapandishwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikakaa hapo miongo kadhaa kama picha ya marehemu: inaheshimiwa, inafutwa vumbi, haiulizwi neno.

Kisha umeme vijijini ukafika. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na baada ya miaka kadhaa nguzo zikasimama hadi kwenye kitongoji kile. Wajukuu wakaona wamfurahishe babu yao. Wakaishusha redio, wakafunga plagi mpya, wakaichomeka. Taa ya kioo cha mawimbi iliwaka. Vali zikaanza kung'aa polepole. Kisha ukaja mvumo mzito, harufu ya nta, na moshi. Bibi, ambaye kapasita hakuwahi kuisikia, alichomoa waya ukutani. Kwa kitendo hicho kimoja aliiokoa redio, kama tutakavyoona.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu wa makamo, ambaye siku hizi hula kwa kutengeneza simu, lakini alijifunza kazi kwa mjomba wake aliyekuwa fundi redio. Nilikuwapo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema imekufa."

"Haijafa, mzee. Imeamshwa kwa kishindo."

Kisha akanigeukia: "Mwalimu, wewe ungelala miaka 40, ukaamshwa na kutwishwa gunia la pamba, ungesimama?"

Maneno yake yalikuwa na fizikia sahihi ndani yake. Ndani ya kapasita ya elektroliti kinachotenganisha mabamba ni utando mwembamba mno wa oksidi juu ya aluminiamu, na utando huo hutunzwa na umeme wenyewe. Kila redio inapowashwa, sehemu zilizodhoofika hujengeka upya. Redio ikikaa miaka mingi bila kuwashwa, utando hudhoofika, na majimaji yaliyomo hukauka. Ukiipa volti zote kwa mara moja, mkondo hupenya, kapasita hupata moto, na wakati mwingine hupasuka. Kwa maneno mengine, kapasita ile haikuharibiwa na kazi. Iliharibiwa na pumziko lisilo na uangalizi.

Ile nyingine, ndogo ya karatasi na nta, ilikuwa na maradhi ya aina yake. Karatasi hunyonya unyevu mwaka hata mwaka, na bawabu anaanza kupitisha asichopaswa kupitisha. Katika redio ya mzee, kapasita hii ya mikrofaradi 0.01 ilisimama mbele ya vali ya mwisho, EL84, ile inayoendesha spika. Gridi ya vali hiyo inapaswa kuwa na volti kama 7 chini ya kathodi yake ili vali isipitishe mkondo kupita kiasi. Tufanye hesabu. Tuseme vali iliyotangulia ina volti 100, na kapasita inavuja kwa kiwango cha megaomu 20. Mkondo unaovuja ni karibu mikroampea 5, kitu kidogo kuliko unavyoweza kufikiri. Lakini mkondo huo ukipita kwenye rezista ya gridi ya megaomu 1, huiinua gridi kwa karibu volti 5. Breki ya vali inakuwa imelegezwa karibu yote. Vali hupitisha mkondo mkubwa, inapata moto kuliko kiasi, na baada ya dakika chache inaweza kuunguza transfoma ya spika, kifaa ambacho leo kukipata ni kazi kwelikweli. Kapasita ya thamani ya senti huangusha transfoma isiyo na mbadala. Hiyo ndiyo hasara ambayo bibi aliizuia.

Jambo lililonigusa zaidi ni kipimo. Fundi aliichomoa kapasita ile, akaipima kwa mita yake ya kawaida, nayo ikaonekana nzima. "Mita hii inaiuliza kwa volti chache," alisema. "Kwa volti chache kila mmoja ni mwaminifu." Ili kuujua uvujaji ilibidi aipime kwa volti inazokutana nazo kazini. Msomaji ambaye amewahi kusoma taarifa za ukaguzi wa taasisi zilizofanyika wakati wa raha, kisha akaziona taasisi hizohizo zikianguka siku ya mafuriko au ya mlipuko wa maradhi, hahitaji nifafanue zaidi.

Matengenezo yenyewe yalikuwa darasa. Kwanza, aliuacha waya nje ya ukuta, akageuza redio na kuhakikisha kapasita kubwa hazina chaji iliyobaki, akiziunganisha na ganda la chuma kupitia rezista, maana kapasita inaweza kushika umeme wa kumrusha mtu hata redio ikiwa imezimwa. Pili, akatafuta kama redio ina transfoma ya umeme inayoitenga na ukuta. Baadhi ya redio za zama zile hazikuwa nayo, na ganda lake la ndani huweza kubeba umeme wa ukutani. Hizo si za kuchezewa. Hii ilikuwa nayo. Tatu, akaondoa kapasita zote za karatasi, nzima na mbovu, bila kubagua, kwa kuwa umri wao ulikuwa mmoja na maradhi yao ni mamoja.

Vipuri alivitoa wapi? Hapa historia ya teknolojia ya nchi hii ilijipanga mezani. Kutoka katika televisheni ya chogo iliyotupwa alichomoa kapasita ya plastiki iliyoandikwa 103, ambayo ndiyo mikrofaradi 0.01, yenye kuhimili volti 630. Kutoka katika ving'amuzi viwili vilivyokufa, vile vilivyoingia majumbani tulipozima mitambo ya analojia kuanzia mwisho wa mwaka 2012, alipata kapasita za elektroliti za mikrofaradi 47 na volti 400. Nilimuuliza kwa nini asiweke kubwa zaidi, kwani tangi kubwa hutuliza maji vizuri. Akanionyesha vali ya EZ80, inayogeuza umeme wa ukutani kuwa mnyoofu. Vali hiyo ina mpaka wake: kapasita ya kwanza baada yake isizidi mikrofaradi 50, la sivyo kila redio inapowashwa vali hulazimika kulijaza tangi kubwa kwa mkupuo, na hufa mapema. Ukarimu usiopima nguvu ya anayeubeba ni namna nyingine ya uharibifu.

Baada ya kulehemu, hakuichomeka redio ukutani moja kwa moja. Aliunga balbu ya zamani ya wati 60 katika njia ya umeme. Kama ndani kungekuwa na hitilafu, balbu ingewaka kwa nguvu na kuumeza umeme badala ya redio. Iliwaka kidogo, ikafifia. Akasubiri, akapima gridi ya EL84: sifuri, kama inavyotakiwa. Ndipo akaiondoa balbu.

Redio ikaongea, lakini ilichokisema kinahitaji kuelezwa kwa unyofu. Stesheni ambazo wajukuu huzisikiliza ziko kwenye FM, na redio ile ilitengenezwa kwa masafa ya kati na mafupi. Usiku, kwenye masafa mafupi, ilisikika lugha ambayo hakuna aliyeijua chumbani. Dunia iliyokuwa ikiisemesha redio ile ilikuwa imehama. Fundi hakukata tamaa. Nyuma ya redio palikuwa na matundu ya kuunganishia gramafoni. Akaunga waya kutoka kwenye simu ya mjukuu, wakatafuta wimbo wa zamani wa Tabora Jazz, na EL84 ikautoa kwa sauti nene ambayo simu haina. Mzee alikaa kimya hadi ulipoisha, kisha akaomba urudiwe.

Sasa tuisome habari hii kama wanahistoria. Swali ni hili: kwa nini kitongoji kilipata umeme kabla hakijapata mtu wa kusema, "Msiichomeke kwanza"? Jibu halipatikani katika uzembe wa watoto. Linapatikana katika njia tuliyoifuata kama taifa.

Tulikuwa na msingi. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1957. Shule za sekondari za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Bwiru zilifundisha vijana kushika chombo huku wakijua hesabu yake. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia kwamba mkono na akili visitengane. Kisha uhaba wa fedha za kigeni, uliozidi baada ya vita vya Uganda, ukawa shule kali ya pili. Miaka ya mwanzo ya 1980 hata betri ya redio ilitafutwa kwa kujuana. Kipuri kipya kilikuwa ndoto, hivyo fundi alilazimika kujua si namna ya kubadilisha tu, bali namna ya kubuni mbadala. Sisemi tuutamani uhaba ule, uliumiza watu. Nasema kwamba ulizaa kizazi cha mafundi waliojua kwa nini kifaa kinafanya kazi, na taifa halikukiandika wala kukirithi.

Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango wa kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe, na miaka ya 1990 soko likafunguka kabisa. Bidhaa zilikuja kwa wingi, na hilo lilikuwa faraja. Lakini hesabu ya fundi ilibadilika: redio mpya ikawa rahisi kuliko gharama ya kutengeneza ya zamani. Mafundi wakahamia kwenye simu, wengine wakazeeka bila wanagenzi. Viwanda vilivyounganisha redio vikapoteza nafasi yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakaanza kupita vijijini, na transfoma iliyosukwa kwa ustadi ikauzwa kwa uzito wa shaba yake. Tulipokuja kupeleka umeme vijijini, tulihesabu nguzo, nyaya na kaya zilizounganishwa. Fundi hakuwa katika hesabu.

Hasara hii haiishii kwenye redio za wazee. Nyimbo za bendi zetu nyingi za dansi, ngoma, michezo ya kuigiza na hotuba za karne iliyopita zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye kanda za sumaku. Kanda haisemi yenyewe. Husomwa na mashine, na ndani ya mashine hiyo mna kapasita zinazozeeka kama za Didia. Nyaraka za sauti zinaweza kuwekwa rafuni kwa nidhamu zote na bado zikawa bubu, kwa sababu hakuna aliyebaki anayeweza kuiamsha mashine bila kuiunguza. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila yetu, Wasukuma wakiwamo, na kazi zake zimetunzwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Mtafiti wa Shinyanga anayetaka kusikia sauti za mababu zake wa enzi hizo huenda akazipata kwa urahisi zaidi ughaibuni. Hilo halitokani na mapenzi makubwa ya wageni kwa Wasukuma. Linatokana na bajeti ya matunzo.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati na dawa haina nafasi ya kuhangaikia redio za vali. Pingamizi hilo lina haki yake, na ningelikubali kama jambo lenyewe lingekuwa redio. Lakini mashine ya hospitali, pampu ya kisima na taa za sola za shule vina kapasita vilevile, na vyote hufa kwa njia zilezile. Kijiji kisichoweza kuitunza redio ya babu hakitaweza kuitunza pampu ya mfadhili. Tofauti ni kwamba pampu ikifa, hakuna wimbo unaopotea. Watoto hurudi kwenye lambo.

Na wala hatuhitaji kuazima falsafa ya matunzo kutoka mbali. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi mifugo ipate kula. Ngitili haiachwi tu. Ina mipaka, ina walinzi, ina msimu wa kufungwa na msimu wa kufunguliwa, na jamii nzima inajua kanuni zake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 katika mkoa uliokuwa umegeuka jangwa, ulifanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha watu mambo mageni na kuirudia ngitili yao. Ardhi iliyokuwa tupu ikarudisha miti juu ya mamia ya maelfu ya hekta. Huo ni ushahidi, kutoka mkoa huuhuu, kwamba kuhifadhi ni kutumia kwa utaratibu.

Kinachodaiwa si kikubwa. Kila mradi wa umeme, maji au afya uwe na fungu la matengenezo linaloandikwa siku moja na fungu la ujenzi, na uwe na jina la fundi wa karibu katika mkataba wake. Vyuo vya VETA viwaalike mafundi wazee wafundishe, hata kama hawana cheti, kabla hawajaondoka na maarifa yao. Wanafunzi wetu wa historia watumwe kwenye vibanda vya mafundi wakaandike masimulizi yao kama wanavyotumwa kwa machifu na wapigania uhuru. Na shirika la utangazaji la umma lihesabu mashine zake za kusomea kanda pamoja na kanda zenyewe.

Kwa sasa, msomaji mwenye redio ya zamani juu ya kabati la wazazi wake asiichomeke. Amtafute kwanza fundi mwenye balbu na subira.